Dawa Isiyoponya Ni ya Nini? Kisa cha Panya Wetu Karanga

SEHEMU YA 1: Ndiyo, panya

Mfululizo huu mpya unahusu dawa za kumeza kila siku: za presha, za kisukari, za moyo, za kifafa. Zile ambazo mgonjwa anaambiwa atazitumia maisha yake yote, halafu baada ya miezi mitatu anaziacha. Ukimuuliza, anakwambia, "Mbona sijaona kupona?"

Nitafika huko, ila nitapitia kwa panya. Usikunje uso. Ukifika sehemu ya sita utaelewa kwa nini.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: mimi ni nesi, mzaliwa wa Morogoro, nafanya kazi wodi ya magonjwa ya kifua hapa Leicester, Uingereza. Nina watoto wawili, binti wa miaka tisa na mdogo wake wa kiume wa miaka minne.

Huku panya anafugwa ndani kama paka. Sisemi panya wa darini, hapana. Asili yao ni panya wale wale wa kahawia, lakini wamezalishwa na binadamu tangu karne ya 19. Wakati wa Malkia Victoria kulikuwa na mkamata panya London, Jack Black, ambaye akikamata mwenye rangi ya ajabu hakumuua, alimzalisha na kuuza watoto wake. Mwaka 1901 mama mmoja, Mary Douglas, akafanya panya waingizwe kwenye maonesho ya wanyama mjini Aylesbury. Ndiyo maana leo wapo weupe, wa kijivu, wa madoadoa, wapole kabisa mkononi.

Binti yangu alitaka mbwa. Mwenye nyumba wetu hataki mbwa. Basi tukaenda kituo kimoja cha kuokoa wanyama, tukakuta panya wawili wa kike, ndugu. Walitolewa kwenye nyumba ambayo panya walizaliana hadi mwenyewe akashindwa kuwahudumia, makumi ya panya kwenye matundu machache machafu. Mmoja alikuwa mzima. Mwingine kifua kilikuwa kinakoroma. Mhudumu alituambia wazi, tena mbele ya mtoto: "Huyu anaumwa mapafu. Tunaweza kumsaidia, lakini hatapona."

Binti yangu akamwangalia yule anayekoroma, akasema, "Huyo huyo."

Tukawachukua wote wawili, maana panya hafugwi peke yake, anaugua upweke. Mzima tukamwita Tende. Mgonjwa, kwa rangi yake, akaitwa Karanga.

SEHEMU YA 2: Kifua cha Karanga

Jioni ya kwanza nilimsogeza Karanga sikioni kama simu. Ukiwa nesi wa kifua masikio hayapumziki. Nikasikia mlio kama wa mtu anayekanyaga majani makavu.

Asubuhi binti akaja mbio: "Mama, damu!" Karanga alikuwa na wekundu puani na pembeni mwa macho. Haikuwa damu. Panya ana tezi nyuma ya jicho inayotoa ute mwekundu. Akiwa mzima anajisafisha huoni kitu. Akiumwa au akiwa na hofu, ute unakuwa mwingi na hana nguvu ya kujifuta. Nikamwonesha mtoto kwenye pamba nyeupe, akatulia.

Daktari wa wanyama alitueleza hivi. Kuna bakteria anaitwa Mycoplasma pulmonis. Panya wengi wa kufugwa wanaye, wanamrithi kwa mama zao. Wengine wanaishi naye hadi uzeeni bila shida. Lakini panya akikaa kwenye tundu lisilosafishwa, mkojo unatoa hewa kali ya amonia, ile inayokuwasha pua ukiingia choo kichafu. Hewa hiyo inaunguza njia ya hewa, bakteria anapata nafasi, mapafu yanaanza kuharibika. Yaliyoharibika hayarudi. Bakteria huyo si ugonjwa wetu binadamu, lakini kwa panya haondoki kabisa.

Karanga akaandikiwa doksisaiklini, kila baada ya saa 12, na siku mbaya zikifika, mvuke wa dawa ndani ya boksi dogo lenye mfuniko.

Nyumba ikapata sheria.

Dawa anapima mtu mzima, mimi au baba watoto, kwa sirinji ya mililita moja. Panya hawezi kutapika, yaani akizidishiwa dawa hakuna kuirudisha. Hiyo si kazi ya mtoto.

Binti anaandika daftari. Kila asubuhi Karanga anapimwa uzito kwenye mizani ndogo tuliyoitenga kwa kazi hiyo tu, haiingii jikoni. Gramu 280, 278, 281. Pembeni anaandika: amekula? anapumua vipi? amepanda ngazi ya tundu? Uzito ukishuka siku tatu mfululizo, tunampigia daktari.

Mdogo wake anatazama tu, ameketi chini, mikono mapajani. Mtoto chini ya miaka mitano hashiki panya wala jamii yake. Ndivyo wataalamu wa afya wanavyoshauri, maana bado anatia mikono mdomoni na kinga yake ni changa.

Na kila mtu, kila mara, mikono maji tiririka na sabuni.

Wiki ya pili daftari likaandikwa kwa herufi kubwa: AMEPANDA JUU KABISA. Wiki ya tatu Karanga alikuwa anasaga meno taratibu huku macho yanachezacheza. Ndivyo panya anavyoonesha kuridhika. Binti alipenda kumtekenya. Mtafiti mmoja wa Marekani, Jaak Panksepp, aligundua kuwa panya akitekenywa anatoa sauti kama kicheko, ila ni nyembamba mno, sikio la binadamu haliisikii. Nilipomwambia hivyo, mwanangu akawa anamtekenya na kusema, "Cheka tu Karanga, najua unacheka."

SEHEMU YA 3: Swali

Mwezi wa nne hivi, jioni, nimeshika sirinji, binti akaniuliza:

"Mama, si walisema Karanga haponi?"

"Ndiyo mwanangu. Haponi."

"Sasa tunampa dawa za nini?"

Mama mwenzangu, miaka yote niliyokaa wodini, swali hili ndilo liko chini ya maswali mengine yote. Wagonjwa hawalisemi hivyo. Wanasema dawa zinawachosha, zinawakojoza, zimewaisha hamu ya kula. Ukichimba, unalikuta lenyewe limekaa.

Nikamwambia afungue daftari. Tukarudi wiki ya kwanza: anapumua kwa nguvu, hakupanda, amekula kidogo. Tukaenda wiki ya mwisho: amepanda, amekula, amemfukuza Tende. "Karanga hajapona," nikamwambia. "Lakini anapanda. Dawa ya leo ni ili leo apande. Kesho nayo ina dawa yake."

Akafikiri. "Kama chakula?"

"Kama chakula. Ulikula jana, na leo umekula."

Akaandika kitu kwenye daftari, sikukiona. Nikamalizia dawa.

Sasa sikiliza. Wiki ile ile kaka yangu akapiga simu kutoka Morogoro. Mama yetu miguu imevimba, usiku analala ameketi, mito mitatu mgongoni, akilala chali pumzi inakata. Mama ana presha ya miaka mingi, imeuchosha moyo, hausukumi damu vizuri. Alipewa vidonge vya presha na vya kupunguza maji mwilini.

Nikamwomba kaka ampe simu. Shikamoo, marahaba, nikamuuliza, "Mama, vidonge unameza?"

Kimya. Halafu: "Nimemeza mwaka mzima mwanangu, sijapona. Sasa nameza za nini?"

Nilikuwa nimesimama jikoni, ikabidi nikae. Maneno yale yale.

SEHEMU YA 4: Maneno ya watu

Kaka alimpeleka Mama hospitali siku ile ile, wakamtoa maji, akarudishiwa dawa, baada ya siku kadhaa akarudi nyumbani. Lakini kwenye kundi la familia kukawa kumechafuka. Mtu alishaona picha ya Karanga akivuta mvuke. Wifi yangu akaandika: "Huko panya ana daktari, huku mama analala ameketi."

Nilisoma mara tatu. Iliniuma, na sikujibu siku ile. Nikikujibu wewe leo, namjibu na yeye, kwa upendo.

Moja. Kila mwezi fedha ya Mama inatoka kabla ya kitu kingine chochote, na wifi anajua. Matibabu ya Karanga yalikuwa na kiasi chake, tulikubaliana na baba watoto, hakivukwi. Mwaka ule binti mwenyewe alisema hataki sherehe ya kuzaliwa, fedha iende kwa Karanga. Mtoto wa miaka tisa kuacha keki yake kwa ajili ya kiumbe mgonjwa, hilo mimi sikulizuia.

Mbili, na hili ndilo kubwa. Mama hakukosa fedha ya dawa. Kaka alipofungua kabati alikuta pakiti tatu hazijaguswa. Dawa zilikuwepo ndani ya nyumba. Kilichokosekana ni mtu wa kukaa naye na kumjibu: hizi zinafanya nini, kama haziniponyi?

Tatu, wale mliouliza kama panya hawaleti magonjwa. Wanaleta. Kwa hiyo nisinukuliwe vibaya: usimruhusu mtoto wako amfuge panya wa darini, wa shambani wala wa mtaroni. Mkojo wa panya unaweza kubeba homa ya mgunda, ile iliyosumbua mkoa wa Lindi mwaka 2022. Viroboto vya panya vinaweza kubeba tauni, na Lushoto wanaijua vizuri. Funika chakula na maji, usiache unga wazi usiku, fagia makombo. Mtoto aking'atwa na panya, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo, na mwambie mhudumu wazi kuwa ni panya. Usisubiri homa. Hata panya wa kufugwa kama Karanga anaweza kuwa na vijidudu mdomoni, ndiyo maana ya sheria zangu zote zile za nyumbani.

Na Mama naye alikuwa na lake. Nilipomweleza kuhusu Karanga alicheka hadi akakohoa. Watu wa Morogoro panya wa heshima tunamjua: panya buku wa pale SUA, wanaofundishwa kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini na kunusa makohozi yenye kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa Tanzania, akaenda kufanya kazi Kambodia, akagundua mabomu ya ardhini zaidi ya 70, na mwaka 2020 akapewa medali ya dhahabu na shirika la Uingereza. Alikufa Januari 2022 akiwa mstaafu.

"Wale wa SUA wana kazi," Mama akasema. "Huyo wako anafanya kazi gani?"

Sikuwa na jibu la haraka.

SEHEMU YA 5: Siku za mwisho

Panya wa kufugwa anaishi miaka miwili hadi mitatu. Nilimwambia binti hivyo tangu mwanzo, na nakushauri na wewe: kabla hujamletea mtoto mnyama, mwambie mnyama huyo anaishi muda gani.

Mwezi wa kumi na moja tukapapasa uvimbe chini ya kwapa la Karanga. Kwa panya majike uvimbe wa matiti ni jambo la kawaida, na mara nyingi si saratani, ila unakua. Daktari alisema unaweza kukatwa. Lakini kwa mapafu yale, dawa ya usingizi ingeweza kummaliza mezani. Tukaongea familia nzima. Uvimbe haukuwa unamwuma, alikuwa anakula na kutembea. Tukaamua asikatwe. Tukamshushia chakula na maji ngazi ya chini, tukamtandikia laini.

Ndipo miguu ya nyuma ikaanza kulegea, kama ilivyo kwa panya wengi wazee. Akawa hapandi tena. Binti akafuta ile safu ya "amepanda" kwenye daftari, akaandika nyingine: "amefurahi?" Kila jioni anaweka alama. Nilimwambia siku zisizo na alama zikizidi zile zenye alama, tutakaa chini tuongee tena.

Tende akawa analala amemwegemea. Akimfuta uso ule wekundu, anamfuta yeye.

Mwezi wa kumi na nne, Jumapili asubuhi, Karanga alikuwa anapumua kwa mdomo. Panya anapumua kwa pua. Ukimwona anafungua mdomo kutafuta hewa, amefika mwisho wa nguvu zake. Uzito 219. Siku tano hakuna alama.

Nikakaa na watoto sakafuni. Mama, hapa naomba unisikilize kwa makini, maana siku moja na wewe utakaa pale, na huenda asiwe panya. Usimwambie mtoto mdogo "amelala" au "amesafiri." Akisikia mgonjwa kalala hajaamka, usiku ukimwambia akalale ataogopa kitanda. Akisikia kasafiri, atasubiri. Sema neno lenyewe, kwa sauti ya upole.

Niliwaambia hivi: "Mwili wa Karanga umechoka, dawa haziwezi tena kumsaidia kupumua. Daktari atampa sindano, hatasikia maumivu, atakufa. Akifa, mwili unaacha kufanya kazi, hapumui, hasikii njaa wala maumivu, na harudi. Si kosa la mtu yeyote."

Wa miaka minne akauliza, "Na mimi nikikohoa?" Usishangae, ndivyo watoto wanavyofikiri. Nikamwambia kikohozi chako ni cha mafua, kinaisha, na mapafu yako ni mazima. Akauliza tena mara sita wiki ile. Nikamjibu mara sita.

Binti hakulia pale. Aliuliza, "Dawa zimeshindwa?"

"Hapana. Zimempa miezi kumi na minne. Hesabu alama zako."

Alihesabu ndani ya gari, njia nzima, kimoyomoyo. Karanga alikufa mikononi mwangu, amefungwa kwenye kitambaa chake, binti amemwekea kidole kichwani. Tulirudi naye tukamwacha Tende amnuse. Alimnusa, akamfuta uso, akaondoka zake kwenda kula. Kisha tukamzika kwenye bustani. Usiku binti alilia hadi saa tano, nami nikalala naye.

SEHEMU YA 6: Daftari la Bibi

Wiki mbili baadaye binti akaniomba simu, akampigia Bibi yake kwa video. Alikuwa na daftari jipya.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Pole na panya wako."

"Asante Bibi. Bibi, una mizani?"

Mama akaangua kicheko. "Leo nafananishwa na panya!"

Lakini alimsikiliza. Mtoto akamweleza, kwa Kiswahili chake cha kukatika-katika, kuwa Karanga hakupona, lakini alipanda juu kabisa siku nyingi, na yeye alizihesabu. Akamwambia dawa ni kama chakula, ya jana haimalizi ya leo. Mimi nimesomea kazi hii na nimempigia mama yangu simu nyingi sana. Hakuna siku aliyonyamaza vile.

Kaka akanunua mizani. Mgonjwa wa moyo anatakiwa kujipima kila asubuhi, akishakojoa, kabla ya chai, kwa nguo nyepesi. Uzito ukipanda kilo mbili ndani ya siku tatu, hajanenepa: hayo ni maji, aende hospitali kabla miguu na pumzi havijamsumbua. Kwa Karanga tuliogopa namba kushuka, kwa Mama tunaogopa kupanda. Daftari ni lile lile. Kila siku Mama anatuma namba kwa sauti: "Sitini na nne. Nimemeza. Nimetembea hadi kwa jirani." Mjukuu anaandika. Siku nyingine Mama anasema, "Leo sijameza, nimechoka nayo," na mjukuu anaandika hilo pia, halafu anamuuliza kwa nini. Si kila siku ni nzuri. Lakini sasa analala na mto mmoja.

Sasa wewe uliyenisoma mpaka hapa, nakuomba vitu vitatu.

Mpigie mama yako au baba yako leo. Usimuulize "unameza dawa?" maana atakujibu ndiyo. Muulize, "Hizo dawa walikwambia zinafanya nini?" Kama hajui, mtafutie jibu kwa daktari au nesi wake.

Muulize ameacha ipi na kwa nini. Labda inamkojoza usiku, basi daktari anaweza kubadilisha saa. Labda inamletea kikohozi kikavu, zipo dawa za presha zinazofanya hivyo, na mbadala upo. Asiache wala kupunguza mwenyewe kabla ya kuongea na daktari.

Na mtoto wako mpe kazi ndogo ya kweli kwenye ugonjwa wa nyumbani, inayolingana na umri wake. Kuandika namba. Kuleta glasi ya maji. Dawa zenyewe zikae juu, mbali na mkono wake.

Wiki ijayo tutaanza na presha: kwa nini haiumi, na kwa nini kutouma kwake ndiko kunakotuponza. Mwenye swali aulize hapa chini, nitajibu nikitoka zamu ya usiku.